Baba Mkwe Mlangoni, Mtoto Kifuani

Kwetu milimani Ileje, mkamwana haonani na baba mkwe wake wala hazungumzi naye. Ukimwona njiani unaingia porini. Akitaka kuingia ndani anakohoa kwanza, nawe unatokea mlango wa nyuma umejifunika kitenge. Majirani zangu wa Tunduma, wengi wao wafanyabiashara kutoka mikoa mingine, walinicheka sana. Niliwajibu kwa ukali, maana mila yangu naruhusiwa kuisema vibaya mimi mwenyewe, si mtu wa kuja.

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo hata nikaogopa kumshika. Karibu na moyo kuna mshipa ambao huwa wazi mtoto akiwa tumboni, na akizaliwa hujifunga wenyewe. Wa kwake uligoma. Dawa zilishindwa. Damu iliyopaswa kwenda mwilini ilirudi mapafuni, kichwa kikawa kinapata damu pungufu. Daktari hakunizungusha: mshipa utafungwa kwa upasuaji, na mpaka hapo kazi yetu ni kulinda ubongo. Wakambandika kibandiko kwenye paji la uso, chenye waya uliokwenda kwenye mashine, na mashine ikaonyesha namba ya oksijeni iliyokuwa ikifika kwenye ubongo. Niliichukia ile namba, na sikuweza kuacha kuitazama.

Namba ilikaa vizuri mtoto akiwa kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, nami nimetulia. Basi nilikaa hivyo kutwa, mgongo ukiwaka moto. Mume wangu alikuwa Zambia na roli, amekwama barabarani, simu inashika na kukatika.

Asubuhi ya upasuaji nilisikia kikohozi mlangoni mwa wodi. Nilikijua kabla sijafikiri: baba mkwe. Miguu ikasimama yenyewe, mkono ukatafuta kitenge. Mtoto akateleza, shingo ikajikunja, midomo ikabadilika rangi. Mashine ikaanza kupiga kelele na namba ikaporomoka.

"Kaa chini, mama," muuguzi alisema. "Kaa, unamnyima hewa."

Nikakaa. Akamnyoosha shingo, akaongeza oksijeni. Namba haikupanda. Nilishikwa na hofu na hasira: hasira kwa mume, kwa mzee, kwa waliotunga mila, na zaidi kwa miguu yangu.

Muuguzi akamgeukia mzee pale mlangoni. "Baba, huyu akiinuka tena, mjukuu wako ataumia ubongo."

Mzee akasema, kwa Kiswahili chake kizito chenye lafudhi ya Kindali, lugha yetu, "Mwambie asitoke. Mwanangu amenituma ili mkewe asiwe peke yake. Mimi nitatazama ukuta."

Akaingia amegeuza uso, akaketi kwenye benchi akanipa mgongo. Kifua changu kilikuwa wazi. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza, lakini sikuinuka. Namba ilisimama, ikasita, kisha ikaanza kupanda polepole.

Walipokuja kumchukua, mikono yangu ilibaki mitupu na sikujua niiweke wapi. Tulingoja chumba kimoja, yeye na ukuta wake, mimi na kitanda kitupu. Kila mlango ulipofunguliwa tulishtuka wote wawili. Mwishowe daktari alitokea. Mshipa umefungwa, alisema, na namba haikuyumba wakati wa upasuaji. Nilimuuliza kuhusu ile ya asubuhi, nilipoinuka. Akasema hakuna awezaye kujua sasa, tutamwona akikua. Jibu hilo nililala nalo kila siku.

Siku walipomtoa kooni mpira wa kupumulia aliowekewa kwa upasuaji, mzee alikuwepo, amenipa mgongo kama kawaida. Mtoto akafungua mdomo, uso ukajikunja wote, lakini sauti iliyotoka ilikuwa mkwaruzo tu. Muuguzi alikuwa ameenda kuleta dawa.

"Analia?" mzee aliuliza.

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumjibu.

"Analia, baba," nikasema, na yeye akaanza kulia pia.