Nilivyowaandika Watu wa Robota Jazz

Siku ya kwanza kazini nilifika na gitaa la kuazima na cheti cha kidato cha nne. Meneja Utumishi wa kiwanda cha kuchambua pamba alikitazama cheti. Gitaa hakulitazama.

"Hesabu unajua?"

"Kidogo, mzee."

"Basi wewe ni karani wa mizani."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya bendi. Akavua miwani. "Kijana, ikama yangu haina mwanamuziki. Akija mkaguzi akakuuliza, gitaa hulijui."

Ikama ni orodha ya nafasi za kazi zilizoruhusiwa. Vijana wa leo wanasikia kwamba mashirika ya umma yalikuwa na bendi, wanadhani tulikuwa tunalala mchana. Sisi tulikuwa wafagizi, walinzi, wapanga robota. Robota ni furushi la pamba iliyoshindiliwa kwa mashine, na jina la bendi yetu lilitoka hapo: Robota Jazz. Asubuhi kila mtu alikuwa kwenye nafasi yake ya ikama. Saa nane mchana tulikutana ghalani kwa mazoezi.

Kiongozi wa bendi, Mzee Ndaki, alikuwa mpiga tarumbeta. Asubuhi alipanga robota. Alinipa rithimu, yaani gitaa linaloshika mwendo wakati solo linatembea. Tulifanya mazoezi katikati ya marundo ya pamba, na pamba inakula sauti. Mpigaji mgeni alitoka pale akidhani vyombo vimeharibika.

"Ongeza," Mzee Ndaki aliniambia siku yangu ya kwanza. "Unampapasa nani hapo?"

Ndiyo maana tulipotoka nje tulikuwa na nguvu kuliko bendi nyingine. Tukipiga bugi, dansi la mchana, kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu Butimba, walimu wanafunzi walisema sauti yetu inawagonga kifuani. Msimu wa pamba tulipanda lori hadi kwenye vituo vya kununulia. Wakulima walipima pamba kwangu, kisha wakacheza mbele yangu.

Mpiga solo alikuwa Masatu, mtu wa Majita, asubuhi fundi msaidizi wa mashine. Mwimbaji alikuwa dada Sabina wa Pasiansi, kwenye ikama mfagizi wa ghala.

Halafu soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, pamba ikaacha kuja kwetu. Kumbi zikaanza kukodi disko la kaseti, maana kaseti haili wala haigombani. Mwishowe tukaambiwa kiwanda kimepata mwekezaji. Ofisa wa makabidhiano alifika, akataka kila kitengo kieleze watu wake: nani, anafanya nini, tangu lini. Ambao mwekezaji angewahitaji, angebaki nao.

Nilikuwa katibu wa bendi, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Meneja Utumishi aliniita pembeni.

"Andika kama ilivyo kwenye ikama. Usiongeze kitu."

Sikumsikia. Miaka yote ile watu wangu walifichwa nyuma ya majina ya kazi, nikaona siku ya kuwatoa imefika. Niliwapa ukurasa mmoja mmoja. Juu ya Sabina niliandika kwamba akifika ubeti wa pili huishusha sauti badala ya kuipandisha, na watu waliokaa nyuma husogeza viti. Juu ya Masatu, kwamba kwenye chemko, pale wimbo unapokolea na wachezaji kuingia kati, vidole vyake havionekani. Juu ya Mzee Ndaki niliandika hadi karatasi ikaisha. Sijawahi kuandika vizuri vile tena.

Nilipofika kwenye ukurasa wangu mwenyewe niliona aibu kujisifu. Nikaandika mstari mmoja: karani wa mizani.

Orodha ilibandikwa getini asubuhi. Hakuna mlinzi hata mmoja wa bendi aliyebaki, wala mfagizi, wala fundi. Pembeni mwa kila jina la aliyeachishwa palikuwa na maneno yaleyale: kiwanda hakihitaji wanamuziki. Jina langu lilikuwa miongoni mwa wanaobaki.

Masatu alicheka. "Jamani, solo langu ni kali! Limenitoa hadi nje ya geti."

Sabina hakucheka. "Umeniandika mwimbaji tu?"

"Dada, nilitaka wakujue."

"Nimefagia ghala lile miaka tisa. Vumbi la pamba liko humu kifuani, nakohoa nalo mpaka leo. Ulikuwa unapita kila asubuhi, ulidhani nacheza na ufagio?"

Hakuna neno nililoandika lililokuwa la uongo. Niliacha nusu ya maisha yao kwa sababu haikunipendeza kuisimulia, nikawa nimefanya kile ambacho ikama ilikuwa ikikifanya, kwa upande wa pili tu.

Nilimwendea yule ofisa, nikamweleza kwamba hata mimi ni mwanamuziki na kwamba wale ni wafanyakazi kweli.

"Wewe usijiharibie," alisema. "Rudi kwenye mizani."

Nikarudi. Hilo ndilo ninaloliandika kwa shida kuliko yote. Wapo waliosema nilijua tangu mwanzo kwamba karani ndiye atakayebaki. Sikujua, lakini nilirudi. Nilipima pamba misimu miwili, nisiweze kupita mlango wa ghala, kisha nikaacha kazi kabla ya kuachishwa. Tangu hapo nimekaa Musoma, Bukoba, Geita na sehemu nyingine ambazo sikufungua begi. Rithimu sijaishika tena. Nimefika umri wa miaka arobaini na kitu nikiwa mstaafu bila barua ya kustaafu.

Juzi nilikuwa Kirumba, pale soko la samaki la Mwaloni, nikamwona Mzee Ndaki kwenye foleni ya wabebaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado unazurura tu?"

"Mzee, zile karatasi nilizo…"

"Shusha sauti." Aligeuka kutazama wenzake. "Hapa hakuna anayejua kama nilipiga tarumbeta. Wakijua watataka niwapigie, na meno ya mbele sina."

Akainama. Wakampandishia gunia la dagaa mgongoni, akaondoka nalo kuelekea kwenye magari, na watu wakampisha kama wanavyompisha mbebaji yeyote.