Unga wa Ulezi Uliorudishwa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nanunua na kuuza simu zilizotumika hapa Mabatini, na kila anayeniletea simu huapa kwamba ni ya dada yake. Ukiwasikiliza, utadhani madada wote wa Mwanza wameamua kuishi bila simu. Kwa hiyo mke wangu alipokuja na habari kwamba kazini kwao watafundishwa sheria za Wamarekani, niliuliza kwanza nani anafaidika.

Yeye ni mkaguzi katika kiwanda cha minofu ya samaki. Gari la muuzaji likifika, ndiye anayesema samaki hawa wapokelewe, hawa warudi. Mnunuzi mpya kutoka Marekani alitaka watu wa nafasi kama yake wajue misingi ya mahakama za huko na maadili ya biashara. Mke wangu alikuwa mjamzito, mimba imekomaa, na jioni alinisimulia masomo huku ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji. Kampuni kule huhesabiwa kama mtu, nayo inaweza kushitakiwa. Mshitakiwa hana hatia mpaka anayemshitaki athibitishe. Raia wa kawaida huitwa kukaa mahakamani na kuamua, na huchaguliwa wale wasiomjua mshitakiwa. Maneno uliyoyasikia kwa mwingine kwa kawaida hayapokelewi kuwa ushahidi. Hilo la mwisho lilinichekesha. Nikamwambia sheria hiyo ikifika Mabatini, saluni zote zitafungwa.

Kisha likaja somo la zawadi. Mkaguzi asipokee kitu chochote kutoka kwa muuzaji wala kwa ndugu wa muuzaji, hata soda. Hilo nililisifu, maana najua kuku wa bure huwa na mwenyewe.

Mtoto alipozaliwa, kinamama wa mtaani walikuja kutoa hongera. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja jirani yetu, mjane wa Kisukuma, aliyekausha samaki kwa moshi maisha yake yote mpaka macho yakabaki mekundu. Mwanawe huleta samaki kiwandani, na mkaguzi wake ni mke wangu. Bibi alileta kuku na unga wa ulezi aliousaga kwa ajili ya uji wa mzazi. Mke wangu alimshika mikono, akamshukuru, akamnong'oneza kwamba kazini wamekatazwa, kisha akamrudishia vyote mbele ya wageni. Bibi hakubisha. Alijitwisha unga wake, akamkumbatia kuku, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwaza kama samaki wa mwanawe walikuwa wamekataliwa siku za karibuni. Nilishuku rushwa. Mtaa ulishuku jambo jingine kabisa. Wageni hawakusikia habari ya kiwanda; waliona mzazi amekataa chakula cha kikongwe mwenye macho mekundu, na huku kwetu chakula cha namna hiyo hukataliwa kwa sababu moja tu.

Hakuna aliyelitamka neno uchawi. Lakini kinamama walianza kuwavuta watoto wao bibi anapopita, na meza yake ya dagaa ikakosa wateja. Halafu asubuhi moja jiwe likatua juu ya bati lake. Hapo niliogopa. Jiwe la kwanza si utani. Kuna vikongwe waliouawa baada ya maneno machache kuliko hayo.

Nikaanza kufuatilia. Kinyozi wangu alisema amesikia kwa muuza maji. Muuza maji alisikia kwa mpangaji wa jirani, na mpangaji aliambiwa na mama mmoja aliyekuwepo sebuleni kwetu siku ya hongera. Katika wote hao hakuna aliyemwona bibi akitenda lolote. Nilirudi kwa kinyozi nikamweleza, kwa ufasaha wa mtu aliyesoma sheria kwa kusimuliwa na mkewe, kwamba maneno ya kusikia si ushahidi, na kwamba kiwanda ndicho kilichokataza zawadi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Sawa, kaka," akasema. "Lakini kiwanda gani kinakataza uji? Kama bibi hana neno, mkeo alikataa chakula chake kwa nini?"

Nilipomweleza mke wangu, alilia. Kisha akampigia msimamizi wake kuomba ruhusa ya kwenda kula kwa bibi. Msimamizi akasema atalipeleka suala hilo kwa wakubwa, asubiri. Nilimshauri asubiri kweli. Kazi ile ndiyo inayotulipia kodi, na bado sikumwamini yule mwana wa bibi, na nilimwambia hivyo.

"Wewe kaa umshuku," akasema. "Mimi nakwenda kunywa uji."

Tulikwenda na mtoto Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, mtaa umejaa. Bibi alikuwa mlangoni kwake. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kutukaribisha. Mke wangu akamwomba uji wa ule unga wake. Bibi akaingia ndani, akaupika. Mke wangu aliketi pale pale mlangoni akanywa bakuli zima, taratibu, kila mpita njia aone. Nami nilipewa kikombe. Nilikinywa nikiwa bado naangalia mikono ya bibi, maana mazoea yana taabu.

Watu walipunguza mwendo. Mama mmoja alisalimia, wa kwanza kwa siku nyingi. Mke wangu akafurahi, akasimama, akamnyooshea bibi mtoto.

"Mpakate mjukuu wako, bibi."

Bibi aliinua mikono, kisha akairudisha ndani ya kanga.

"Hapana, mwanangu. Watoto hukohoa. Huyu akikohoa kesho, nani atasema si mimi?"

Aliinama akamtazama mtoto usoni kwa karibu, midomo ikimcheza, na mikono haikutoka kwenye kanga. Nilimwonea huruma mpaka nikaangalia pembeni.

Wakubwa wa kiwanda walimhamishia mke wangu upande wa kufungasha kwa kula kwa bibi bila kusubiri ruhusa, nasi tukashukuru kwamba hawakumfukuza. Kisha mtoto akapata mafua, kama watoto wote wa Mwanza wakati wa mvua. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, shuka shingoni, aliponiuliza kama bibi alimshika yule mtoto siku ile.

Ningeweza kumjibu kwamba mafua ni mafua. Nilisema, upesi, "Hakumgusa."