Kiti cha Abiria

Madereva wenzake walimwita Taratibu, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Miaka thelathini na moja aliendesha malori ya kampuni moja, kwa mwendo uleule, na wale waliompita kwa honi na matusi aliwakuta mbele mara kadhaa wamelalia ubavu mtaroni. Alisimama akawasaidia, kisha akaendelea na safari, taratibu. Kilichomtoa barabarani ni jicho la kushoto. Liliingia ukungu kidogo kidogo, hadi daktari wa kampuni alipomwonyesha vidole vitatu naye akahesabu viwili. Siku hiyohiyo alirudisha funguo, akapewa kiinua mgongo chake na saa ya ukutani, akaenda nyumbani kukaa.

Kukaa ni kazi, na yeye hakuwa na uzoefu nayo. Nyumba ile ilikuwa ya mkewe kuliko yake. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, na kwa miaka yote hiyo alimzoea mume wa siku mbili nyumbani na kumi njiani. Sasa mgeni wa siku mbili alikuwa amehamia. Akiketi kwenye kochi, ndipo kitambaa kinapotakiwa kutandazwa. Akisimama dirishani, anaziba mwanga.

"Baba watoto, sogea kidogo."

Alisogea asubuhi, akasogea mchana, akasogea jioni. Mtu aliyezoea kupishwa na magari akawa anapisha mkasi.

Lakini hilo halikumkosesha raha. Lililomkosesha raha ni ahadi ya zamani. Mwaka waliooana alimwambia mkewe, "Siku moja nitakupakia. Safari nzima, kwenda na kurudi, uone." Mke, aliyekuwa hajafika mbali kuliko kwao na kwa mumewe, alifurahi akashona hadi gauni la safari. Ila kwenye mlango wa kila lori la kampuni palikuwa na maandishi mekundu: HAIRUHUSIWI KUBEBA ABIRIA. Wenzake waliyaona maandishi hayo kama urembo. Walipakia wake zao, dada zao, na wengine ambao hawakuwa wake wala dada. Taratibu hakupakia mtu. Kwake yeye kilichoandikwa kimeandikwa. Alipozaliwa mtoto wa tatu mkewe aliacha kuulizia safari, na lile gauni akalipunguza likawa la binti mkubwa. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na huyu alikuwa mtu asiyewahi kukopa hata kiberiti. Sasa leseni imekwenda na lori limekwenda. Akikumbuka, alikuwa akiona aibu peke yake, na hakumwambia mtu.

Tumaini alilipata kwa kinyozi. Aliingia kunyolewa akamkuta kinyozi ameketi mbele ya kompyuta, anaendesha lori. Lori kabisa, lenye tela, kwenye barabara ya nchi za watu, mvua inanyesha na waipa zinafuta kioo. Taratibu alisimama nyuma yake hadi akasahau kwamba alikuja kunyolewa.

"Umekata kona mapema," alisema mwishowe. "Tela litapanda ukingo."

Tela likapanda ukingo, likapinduka na mzigo.

"Mzee, kumbe unaucheza huu?"

"Nimeucheza miaka thelathini na moja," akasema Taratibu. "Unaingiaje humo?"

Kinyozi alimweleza. Kompyuta ya kuandikia barua haiwezi, itakohoa na kukwama. Panahitajika mashine ya michezo, na hiyo ukiinunua iliyokamilika utauza bati la nyumba. Dawa yake ni kuchagua vipande, kimoja kimoja, na kumpa fundi aunganishe.

Kiinua mgongo kilikuwa karibu chote kimekwisha kwenye kuezeka hilohilo bati. Kilichobaki hakikuwa cha kutamba nacho, na mkewe alimwambia zamani kwamba hicho ni chake, akinunulie anachotaka mradi asinunue mbuzi. Akakichukua, akaenda.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake kaipandisha juu ya kilemba, duka lake jembamba limejaa maboksi hadi darini. Alizoea wateja wanaojua kila kitu. Huyu mzee wa kuuliza kwa lugha ya gereji alimfurahisha.

"Kwa hiyo hii prosesa ndiyo injini?"

"Hapana, mzee wangu. Tuseme prosesa ni dereva. Anafikiri, anaamua. Injini ni hii kadi ya picha, ndiyo inayovuta mzigo."

"Basi dereva asiwe wa bei mbaya. Wa kawaida anatosha, hata mimi nilikuwa wa kawaida. Fedha tuweke kwenye injini."

Fundi alisema wateja wake wengi huchukua mwezi mzima kufika hapo. Wakaendelea. Kasha lenye taa za rangi saba, Taratibu aliuliza zile taa zinamulika nini, akaambiwa ni urembo, akasema ziondolewe. Kadi mpya ilikuwa haishikiki kwa bei, ikabaki ya mkononi, iliyokwisha kutumiwa na mtu.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mwalimu wa hesabu. Alikuwa akicheza drafti."

"Mwalimu wa hesabu hakimbizi gari," akasema, akaichukua.

Ugumu ulikuja kwenye vitu viwili vya mwisho. Kimoja kilikuwa usukani, usukani hasa wa kuzunguka, na pedali zake tatu za chini. Fundi aliufunga mezani ili aujaribu. Taratibu aliushika, na mikono ikakaa mahali pake bila kuambiwa. Hakuuachia kwa muda, na fundi alijifanya anatafuta bisibisi. Kitu cha pili kilikuwa skrini.

"Hii ndogo inakutosha," akasema fundi.

"Wakiketi watu wawili, wa pembeni ataona?"

"Mchezo huu ni wa mtu mmoja, mzee."

"Sijauliza hilo. Nimeuliza ataona?"

"Kwa hii, atapinda shingo. Kuna ile pana, ila ukichukua pana huna usukani."

Alivitaka vyote viwili. Alipitia orodha yake upya, akaona mahali pa kubana: pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme kwenye mashine. Ya fundi ilikuwa ghali na nguvu yake imeandikwa wati 600. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka lenye spika mlangoni, kulikuwa na nyingine kwa nusu ya bei, nayo imeandikwa 600. Akavuka akainunua. Fundi aliigeuza mkononi.

"Hii siijui, mzee wangu."

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa," fundi akakubali, akaifunga.

Kompyuta iliwekwa kwenye kona ya sebule, mahali pekee ambapo hapakuwa na kitambaa cha mtu. Mke aliitazama kama anavyotazama mteja aliyekuja na picha ya nguo isiyoshoneka, akaenda sokoni. Taratibu alishukuru. Alitaka kujaribu kwanza, ili abiria atakapopanda gari liwe zima. Akapakia mbao, akatoka mjini, akashika barabara kuu. Mikono ilicheka. Kilomita za tambarare zilikwenda vizuri. Ulipoanza mlima wa kwanza, wenye msitu na mvua, paa! Giza. Mashine imezima.

Akawasha tena. Tambarare, salama. Mlima, giza. Mara ya tatu ikaongeza na harufu. Akampigia fundi simu.

"Itakuwa ni kadi, mzee wangu. Vitu vya mkononi ni bahati nasibu."

"Si kadi," akasema Taratibu. "Injini ikifa haiwaki tena. Hii tambarare inakwenda, ikianza kuvuta inakata. Hapo gari halipati mafuta."

Alifungua kasha mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, akachomoa ile pawa saplai, akaenda nayo dukani chini ya kwapa. Pale kaunta akaomba ile ghali. Akaishika mkono wa kulia, ya kwake mkono wa kushoto, akasimama amefumba macho yote mawili, zima na bovu. Huyu ni mtu aliyepita kwenye mizani ya malori mara nyingi kuliko alivyopita kwenye mlango wa nyumba yake. Alizoea kukadiria mzigo kwa jinsi gari linavyokaa, na mizani ikathibitisha.

"Hii yangu haina kitu ndani," akasema.

"Zote zimeandikwa mia sita," fundi akamchokoza.

"Nimeona."

"Kuandika hakulipiwi, mzee wangu. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Taratibu hakucheka. Alikuwa akiufikiria mlango wa lori na yale maandishi mekundu. Wakubwa wa kampuni, sasa aliwakumbuka vizuri, walikuwa wakiwapakia wake zao kila mwisho wa mwaka kwenda likizo, kwenye malori yaleyale. Yeye mwenyewe aliwahi kubeba mabegi yao. Kwa nini hakumpakia mkewe? Hakuna ambaye angemuuliza.

Duka la ng'ambo lilikuwa na tangazo lake ukutani: KILICHOUZWA HAKIRUDISHWI. Alilisoma, akaingia hivyohivyo, akaomba fedha zake. Akacheka yule muuzaji, akamwonyesha ukuta. Basi angalau safari hii aliomba.

Ili apate pawa saplai ya kweli ilibidi kitu kirudi. Fundi alikubali kupokea usukani au ile skrini pana, kwa kuwa vilikuwa vipya bado.

"Rudisha skrini," akamshauri. "Dereva bila usukani ni nani? Utaendesha kwa vitufe vya kibodi, vidole viwili, kama mtu anayedonoa mchele."

Ilimuuma, tusifiche. Alikuwa na siku nne tu na usukani ule, na katika siku hizo mikono yake ilikuwa imeacha kutafuta kitu cha kushika. Aliufuta vumbi kwa kiganja, akaukunja waya wake vizuri, akausukuma upande wa pili wa kaunta.

"Nipe hiyo nzito," akasema.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, aliburuta kiti cha mezani akakiweka kushoto kwa kiti chake. Akakitandika mto. Akakitazama, akakisogeza mbele kidogo.

"Mama watoto, njoo."

"Nina nguo ya mtu hapa."

"Njoo nayo."

Sauti yake ilikuwa na kitu, kwa maana mke alikuja bila kuuliza mara ya pili, gauni la mteja mikononi na sindano imechomekwa kifuani. Akaketi. Akaitazama ile skrini pana, barabara imenyooka ndani yake, na kioo cha upande wake kinaonyesha tela lilivyokaa nyuma.

"Ni nini hiki?"

"Nilisema siku moja nitakupakia."

Mke alichomoa sindano, akaanza kupinda upindo wa gauni. Lori likaondoka.

Kwa muda alikuwa abiria kama abiria wengine. Aliuliza wamebeba nini, akaambiwa mbao. Aliuliza mbona njiani hakuna watu wanaotembea, akaambiwa huko watu wanakaa ndani. Alimwambia mumewe kwamba yule mwenye gari dogo jeupe hana adabu. Alisema dereva anayeendesha kwa vidole viwili hakumwona tangu azaliwe. Kisha maneno yakaisha, kama yanavyoisha njiani, ikabaki barabara. Mashamba ya kijani yakapita, yakapita mengine. Mvua ikaja ikaondoka.

"Huwa unaongea na nani humu?"

"Hakuna mtu."

"Redio?"

"Ya kwangu iliharibika mwaka wa tano. Kampuni waliandika kwamba si kifaa cha lazima."

"Na ukitaka kula?"

"Unangoja ufike."

"Na usiku?"

"Unalala hapohapo unapokaa. Unakunja miguu."

Mlima ukaanza, uleule wenye msitu. Taratibu aliinama mbele kidogo. Mashine ilinguruma, mwendo ukashuka, lori likapanda kwa kujivuta, na halikuzima. Juu kabisa barabara ilinyooka tena, mashamba yaleyale, anga ileile. Mke alikuwa ameacha kushona. Gauni limelala mapajani.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya tu."

"Miaka yote ile?"

Taratibu aliitikia kwa kichwa, jicho lake zima likiwa barabarani.

"Na mimi," mke akasema, "nilikuwa nakaa pale kwenye cherehani, watoto wanalia, nakuchukia. Nikidhani huko uliko unastarehe."

Gari dogo lilikuja nyuma likipiga honi. Taratibu akalipisha.

"Bado umbali gani?" mke akauliza.

"Saa moja. Labda na robo, kwa mwendo wangu."

"Sogea kidogo."

Akaanza kunyanyuka, kama alivyozoea. Mke akamshika mkono akamkalisha.

"Unakwenda wapi, na gari linatembea? Sogea nikae karibu, huku pembeni sioni vizuri."

Aliona vizuri kabisa. Skrini ilikuwa pana. Taratibu akasogea.