Chumba cha Mama Mkwe Uani Kitaji

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nikiwa napepeta mchele: siku watu wa mipango miji walipoingia uani kwetu Kitaji na kopo la rangi nyekundu. Sikupanga kukusimulia. Lakini jana dada yako alinipigia simu, akaniambia umeshashusha tofali nyuma ya nyumba yako hapo Bunda, unataka vyumba viwili vya uani, na fundi anaanza Jumatatu. Nikamuuliza, kibali amechukua? Akacheka. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kunicheka na wewe, unicheke.

Wakati huo dada yako huyo huyo alikuwa mchanga, wewe hujazaliwa. Bibi yako, mama yangu mimi, alikuwa anaishi Butiama peke yake. Akaanza kulalamika kwamba anaona kama moshi pembeni mwa macho. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Wakampa dawa ya matone, asubuhi na jioni bila kukosa, wakatuonya kwamba uoni ukipotea haurudi tena. Sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akijiwekea mwenyewe, tone linaishia shavuni. Ikabidi aje kwangu.

Shida ikawa ni mahali pa kulala. Unajua kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake wa kiume. Hata kupishana mlangoni ni aibu. Na marehemu baba yako, jamani, alimheshimu mama mpaka wenzake wakawa wanamtania. Akasema atamjengea chumba uani. Akakisukuma huko mwisho kabisa wa kiwanja, ukuta juu ya mpaka, mlango ukatazama uchochoro wa nyuma, ili asije akakutana na mkwewe anakwenda kuoga. Mimi nilifurahi, nikasema kweli nimeolewa.

Siku wanapaua alipita Mzee Athumani, fundi cherehani, ndiye alikuwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Akasimama akiangalia juu.

"Magesa, hapo uliuliza?"

"Mzee, hii si nyumba, ni kachumba tu ka mama mkwe. Kwani kachumba nako kanaombewaga kibali?"

"Kanaombewaga. Na huo uchochoro gari la kunyonya choo linapitaga."

Baba yako akacheka kwa heshima, akaendelea kupigilia misumari.

Mama akahamia. Kila asubuhi nilivuka ua na mtoto mgongoni, nikamlaza mama chali, nikamwekea dawa. Jioni hivyo hivyo. Akaniambia moshi umesimama, hauongezeki. Nilikuwa na amani, mwanangu, amani ya mtu asiyejua.

Ndipo wakaja wale watu. Aliyewaongoza alikuwa binti mpole tu, wala hakutukana mtu. Wakapima kutoka mpakani, wakatikisa vichwa, wakachora X kubwa ukutani, mama akiwa ndani anachambua dagaa. Wakasema tubomoe wenyewe, la sivyo watabomoa wao. Mama akaniuliza kuna nini huko nje. Nikamwambia wanapima tu. Baada ya hapo nilikuwa nikisikia mlio wa gari kubwa barabarani naacha sufuria jikoni natoka nje kuangalia. Maziwa yakapungua, dada yako akawa analia njaa na mimi nalia naye.

Baba yako akaenda ofisini kubembeleza. Yule binti akamfungulia ramani ya mtaa mezani, akamwonyesha kiwanja chetu. Akamwambia chumba cha uani si kosa, hata kile kile wangekiruhusu, kando ya jiko, kwa kuacha nafasi mpakani. "Ungekuja kabla, baba, tungekuonyesha pa kuchimba msingi." Aliporudi alikaa kwenye kigoda uani akashindwa hata kuvua viatu. Mzee Athumani akamfuata pale pale.

"Kando ya jiko nitaonanaga na mama kila siku," baba yako akasema.

"Si unageuza mlango, unaweka na mabati katikati? Wewe ulimwonea aibu mkwe, ukasahau kumlinda. Sasa heshima hiyo imemsaidia nini?"

Kesho yake baba yako alianza kubomoa mwenyewe. Tofali nyingi zilivunjika, maana alikuwa ameshazipiga lipu.

Tulimwomba mama alale sebuleni. Baba yako akasema yeye atahamia kwa muda kwenye karakana alikokuwa anafanya kazi. Mama akakataa. "Nimtoe mkwe wangu kwenye kitanda chake? Nitawaangaliaje watu usoni?" Akafunga nguo zake kwenye kanga, akapanda gari kurudi Butiama. Nilimwekea kichupa cha dawa mkononi, nikamkunja vidole. Mtoto wa jirani yake aliahidi kumsaidia, na alimsaidia siku alizokumbuka. Mimi, nikiwa na mtoto mchanga, nilikwenda nilipoweza, na haikutosha. Kila nikikaa kula nilikuwa najiuliza, leo amewekewa?

Kibali chenyewe hakikutusumbua. Tulichora ramani, tukapeleka karatasi za kiwanja, wakaja kuona, wakatoa. Kilichotukwamisha ni kuanza upya kutafuta tofali na mabati. Chumba kilipokamilika, kando ya jiko, mlango umegeuzwa kama Mzee Athumani alivyosema, mvua za vuli zilikuwa zimeshapita.

Nikaenda kumchukua mama. Kushuka kwenye gari alinishika bega kwa nguvu, nikajua. Mlangoni akapapasa fremu, akapitisha kiganja ukutani polepole. Kisha akasema kwa sauti, ili baba yako aliyekuwa nyuma ya mabati asikie: "Mwambie mkwe wangu nashukuru. Nyumba nzuri sana. Ameipaka rangi gani?"

Upande wa pili wa mabati nilimsikia baba yako analia.

Mwanangu, sikwambii usijenge. Jenga, nafasi unayo. Lakini mwambie fundi asubiri, uende kwanza kwa mtendaji wa mtaa, na kutoka hapo kwa watu wa ardhi. Peleka ramani. Waje waone kiwanja, wakuonyeshe mpaka uko wapi na uache nafasi kiasi gani. Usiseme ni banda tu la uani, kwa sababu kuna mtu atatandika kitanda humo. Watakuchelewesha kidogo, bora uchelewe kabla ya msingi kuliko kuchelewa baada ya kubomoa. Na kama chumba kimoja ni changu, kama dada yako alivyoropoka, basi mimi mwenyewe nakuomba. Sina nguvu za kuhamishwa.

Ukitoka ofisini nipigie hapo hapo, maana chakula hakitashuka mpaka nisikie sauti yako. Mungu akubariki wewe na mkono wa fundi wako. Akujalie kila utakayemlaza uani kwako aamke salama, na macho yake yauone mlango.