Shangingi Lisilo na Maandishi Nyuma

Shemeji yangu Traugott Kimmerle ana nyumba yenye sura mbili. Upande wa barabarani ni ukuta wa kijivu na madirisha madogo, ungedhani anakaa mlinzi wa makaburi. Upande wa bustani, ambako hakuna jirani anayeweza kuchungulia, kuna vioo kutoka chini hadi juu, baraza la mbao za mwaloni, na bwawa la kuogelea ambalo mpaka leo yeye huliita tangi la maji ya mvua. Huku kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, juu milimani, wengi wetu tuko hivyo, ila yeye amepitiliza.

Ni fundi wa mapaa. Karakana aliirithi kwa baba yake, na hakuna nyumba ya maana kutoka hapa mpaka bondeni ambayo paa lake halikupita mikononi mwake. Ukimuuliza kazi zinaendaje, anakujibu, "Tunasukuma siku." Alijibu hivyo hata mwaka ule alipopewa mapaa ya shule mpya na ya ukumbi wa michezo kwa mpigo, mafundi wake wakawa wanasinzia wima. Mimi nina duka la mikate linalotazamana na karakana hiyo, na dada yangu Sieglinde ndiye mke wake, kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu.

Gari lake lilikuwa la mkataba. Unalitumia miaka mitatu, unalipa kila mwezi, kisha unalirudisha na kuchukua jingine, na mshauri wake wa kodi alimhakikishia kwamba kwa mwenye kampuni hiyo ndiyo njia ya akili. Kila mara alichukua lile lile: la kijivu, refu, la chini, lenye viti vigumu kama mabenchi ya kanisa letu. Mwaka jana mkataba ulipokaribia kwisha, mgongo wake uligoma. Ukibeba mihimili tangu ujana, siku moja mgongo unadai chake. Asubuhi alikuwa akishuka garini kwa awamu, kwanza mguu, halafu mkono, halafu tusi, wateja wangu wakimtazama kupitia kioo cha duka.

"Mara hii unachukua gari la juu," dada yangu alimwambia tukiwa mezani, tunakula dengu na tambi. "Lile mtu anaingia wima na kutoka wima."

"Shangingi?" Aliweka kijiko chini. "Nimpelekee mtu bei ya paa nikiwa kwenye shangingi? Atasema, aah, kumbe ndiyo maana bei iko vile."

"Kwa wateja utaenda na gari la kubebea mbao, kama siku zote. Shangingi ni la mgongo."

"Na kanisani Jumapili?"

"Kanisa lile pale, shemeji," nikamwambia. "Mwenye mgongo mbovu anaambiwa atembee. Tembea."

Hakutaka kununua karibu. Tulivuka mabonde mawili mpaka mji ambao hakuna anayemjua, naye alivaa koti lake la kazi lenye machujo ya mbao, ili muuzaji asimpandishie bei. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye suti ya kubana na adabu nyingi. Shangingi la kwanza, Kimmerle alisema kiti ni kifupi, mapaja yananing'inia. La pili lilimkumbatia mbavu, akasema hakuja kukumbatiwa. La tatu alipanda bila kujikunja, akakaa, muuzaji akabonyeza kitufe mahali fulani, na kiti kikaanza kupata joto na kumkanda mgongo polepole kuanzia kiunoni.

Shemeji yangu alifumba macho. Alikaa hivyo kitambo, mikono imelala mapajani, na mimi na dada yangu kule nyuma tukatazamana, maana tangu harusi yao hatukuwahi kumwona mtu huyu amestarehe. Alipofumbua macho yalikuwa na maji.

"Vumbi," alisema.

Ndani ya ukumbi ule wa magari ungeweza kula chakula sakafuni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Injini alitaka kubwa kuliko zote, kwa sababu ya kuvuta tela kwenye mlima wetu. Rangi, kijivu. Ndipo muuzaji akasema, "Nyuma kwenye buti huwa wanabandika herufi na tarakimu za kuonyesha ni injini gani. Mzee akipenda, kiwandani wanaacha wazi."

"Kwa bei gani?"

"Hiyo ni bure."

Katika kitabu kizima cha bei, ambamo hata zulia la miguuni linalipiwa, hilo lilikuwa jambo la kwanza la bure. Mtu anayeficha mali yake anapewa maficho, tena bila malipo. Uso wake uling'aa.

"Shemeji," nikasema kutoka nyuma, "wanaoondoa maandishi ni wale wenye injini ndogo. Wanaona haya."

"Na wenye kubwa pia, mama," muuzaji akasema kwa upole. "Ni nusu kwa nusu."

"Umesikia? Nusu kwa nusu," alisema Kimmerle. "Andika hilo."

Gari lilikuja Oktoba. Jumamosi ya kwanza aliliosha mbele ya karakana, kama kila mwanamume wa mtaa huu anavyofanya Jumamosi, na wazee wenzake wa kwaya ya kanisa wakapita mmoja mmoja, kwa bahati tu, wote kwa bahati. Kila mmoja alisifu rangi, kisha akazunguka taratibu kwenda nyuma, akainama kidogo, akainuka, akaaga. Jumatatu dukani kwangu hukumu ilikuwa imeshatoka.

"Hamna kitu nyuma. Tupu."

"Mwili wa ng'ombe, injini ya cherehani."

"Masikini Kimmerle. Mtu amejibana maisha yake yote, leo ghafla shangingi, tena la kujikaza? Hiyo ni dalili. Yule wa fanicha kule bondeni alianza hivyo hivyo, na majira ya kuchipua dalali akawa mlangoni."

"Amefulia," alimalizia mke wa mchungaji, akachagua mkate wa jana, ambao ni nafuu.

Nilimpelekea shemeji yangu habari hizo zikiwa bado moto. Nilitegemea akasirike. Alifurahi kuliko siku aliyolipata gari lenyewe.

"Waache waseme," alisema. "Afadhali wanionee huruma kuliko wanionee wivu."

Na kweli huruma ilimlipa. Mteja mmoja aliyezoea kulia kila akiletewa hesabu alilipa kabla ya siku yake, tena akampiga begani. Kwaya ikamwondolea mchango wa safari. Mke wa mchungaji alimletea Sieglinde chupa ya jamu ya maboga na kumwambia mlango wake uko wazi wakati wowote. Dada yangu aliipokea ile jamu kwa uso wa mtu aliyetemewa mate. Kimmerle aliipaka kwenye mkate, kule kwenye baraza lake la mwaloni, na kiti cha shangingi kilikuwa kimemrudishia mgongo wa kijana. Nadhani ule ulikuwa mwezi wa raha kuliko yote maishani mwake.

Mtu pekee aliyekosa usingizi ni Uli.

Uli Stotz ndiye msimamizi wa mafundi. Aliingia pale akiwa hajaota ndevu, na kila alichokijua Kimmerle kuhusu paa, kimo kichwani mwa Uli. Dada yangu na mumewe hawakujaliwa mtoto. Kimmerle alikuwa ameshaamua kwamba karakana, mashine, jina na kila kitu ni vya Uli, kwa bei ambayo hakuna baba angemdai mwanawe. Tulijua watu watatu: yeye, mkewe na mimi. Alipanga kumwambia wakati wa Krismasi. Alikuwa amepanga hivyo Krismasi mbili zilizopita pia, ila kila siku ilipofika aliona neno lenyewe kubwa mno, akampa chupa ya mvinyo wa matofaa.

Uli alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujenga nyumba yake, kwa mkopo, na mkewe Manuela alikuwa mjamzito. Asubuhi moja nilipeleka karakanani brezeli, mikate yetu ya kusokotwa, kwa chai ya saa tatu, nikamkuta amesimama mbele ya Kimmerle, kofia mkononi.

"Bosi, nikuulize kitu. Mwakani kazi zipo?"

Vitabu vya kazi vilikuwa vimejaa mpaka majira ya kupukutika ya mwaka unaofuata. Mimi nilijua, dada yangu ndiye anayevishika.

"Tutaona," alisema Kimmerle. "Hali si nyepesi."

"Lakini tutafika?"

"Tunasukuma siku, Uli."

Ningeweza kumrushia zile brezeli. Hakuwa akidanganya, jamani, alikuwa anajibu salamu. Kwa midomo yake hayo ni sawa na wewe kusema sijambo. Ila Uli alivaa kofia yake na kurudi kwenye mihimili kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali.

Mwisho wa Novemba alileta barua ya kuacha kazi. Alikuwa ameshakubaliana na Dannecker, mwenye kampuni kubwa ya mapaa kule bondeni.

Nilisikia mlango wa duka ukifunguliwa, na shemeji yangu akasimama kati ya wateja bila kofia, damu imemwisha usoni. "Njoo," aliniambia. "Nampeleka Uli nyumbani kwake. Twende wote. Mimi sijui kuanza."

Basi nikawa mshenga. Nilivua aproni, nikaketi kiti cha nyuma, Uli mbele, na shangingi likaondoka. Tukatoka mjini. Nikaona nisiposema mimi tutafika Ufaransa.

"Uli, shemeji yangu anataka kukupa karakana."

Uli aligeuka akamtazama Kimmerle. Kimmerle akaitikia kwa kichwa, akitazama barabara.

"Kwa nini leo?" Uli aliuliza.

"Nilikuwa nimepanga Krismasi."

"Bosi, tumeheshimiana siku zote. Madeni ni kiasi gani?"

"Madeni gani?"

"Watu wote wanajua. Mimi nina mtoto njiani na nyumba haina hata madirisha. Huwezi kuniangushia hilo."

"Hakuna madeni," alisema Kimmerle, na sauti ilimtoka nyembamba. "Uli, nina kitu. Ninacho. Nina hela." Nakuapieni sijawahi kumsikia mtu akitaja hela zake kwa aibu namna ile, kama anavua suruali mbele ya watu.

Uli aliitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgonjwa, na hicho ndicho kilichomvuruga shemeji yangu. Tulikuwa tumefika chini ya mlima. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Lile gari, ambalo mji mzima uliamini lina injini ya cherehani, liliruka likapanda zile kona huku mimi nimeng'ang'ania mkanda na kuomba dua, na lilipofika juu halikuwa hata limehema.

"Umeona?" alisema Kimmerle. "Umeona lilivyo?"

"Nimeona." Uli alikuwa mweupe kwa hofu. "Ni kubwa kuliko zote, siyo?"

"Kubwa kuliko zote."

"Na ni lako?"

Kimmerle alipunguza mwendo. "La mkataba," alisema.

"Kwa hiyo hata hili si lako," alisema Uli taratibu, na nikaona jinsi huruma ilivyomzidi.

Tulisimama mbele ya nyumba isiyo na madirisha. Nilieleza mimi, nikaeleza tena, vitabu vya kazi, ukumbi wa michezo, bwawa, ndiyo, hata bwawa nililitaja. Nafikiri mwishowe alianza kuniamini, maana alishusha mabega. Lakini hakufurahi.

"Ulisema hali si nyepesi, nikaamini," alimwambia Kimmerle. "Na miaka yote hii hujawahi kuniambia hata mara moja kwamba kazi yangu ni nzuri. Hilo nalo niliamini, kwamba si nzuri."

Nilimpiga shemeji yangu goti mgongoni mwa kiti. Alihangaika. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu, na kile kiti kikiendelea kumkanda bila kujua lolote.

"Haikuwa mbaya," alisema hatimaye. "Kazi yako. Haikuwa mbaya hata kidogo."

Uli ni wa hapa hapa. Alijua kwamba juu ya neno hilo sisi hatuna jingine. Alikaa mkono umeshika mlango.

"Asante, bosi," alisema. "Ila kwa Dannecker nimeshaweka sahihi."

Na kwetu mtu akishaweka sahihi, ameweka. Alishuka, akafunga mlango kwa upole wa mtu asiyetaka kuharibu kitu cha mwenzake.

Kimmerle alilia palepale, mikono juu ya usukani, kioo kimeshushwa, mbele ya mtaa mzima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuficha kitu.

Kesho yake dukani walikuwa na sababu tayari: malipo ya gari yamemshinda, watakuja kulichukua kabla ya mwaka mpya. Niliacha kukata mkate. Nikawaambia gari halijamshinda, hana deni hata la sabuni, analia kwa sababu amempoteza Uli, ambaye yeye alimpenda kama mwanawe. Walinitazama kwa huruma. Mke wa mchungaji alinishika mkono na kusema ananielewa, ndugu lazima atetee ndugu.

Manuela, mke wa Uli, alikuwa nyuma kwenye foleni. Yeye aliniamini, na alijua mumewe ameshaweka sahihi wapi. Aligeuka, mkono tumboni, akatoka bila kununua kitu.