Mwenye Nyumba Alipoitwa Bandarini

Nilizaliwa Moroni, katika mtaa wa Badjanani, lakini likizo zangu za shule zilikuwa za Mutsamudu, kwa mama mkubwa. Nyumba yake ya mawe alijengewa na babu yetu kabla hajaolewa, kama baba wa visiwani anavyomjengea binti yake. Baba mkubwa aliingia humo siku ya harusi, na sanduku lake la nguo.

Ilikuwa miaka ile mamluki wa Kizungu walipoishika nchi yetu kwa bunduki. Amri ilikuwa kwamba anayeingia kwa bahari bila karatasi ahojiwe bandarini, na asipopata mwenye nyumba wa kumdhamini, arudishwe na chombo kilichomleta.

Asubuhi moja ya likizo kilifika Mutsamudu chombo kutoka Majunga, bandari ya Wamalagasi, kikiwa na watu wachache waliokimbia. Mmoja alikuwa mwanamke mjamzito. Kule nyumba yao ilichomwa moto kwa sababu wazazi wake walikuwa Wakomoro. Huku afisa wa Kizungu wa bandarini alimhesabu Mmalagasi kwa sababu alijibu kwa Kimalagasi. Jina pekee alilolijua mjini ni la mama mkubwa, rafiki wa marehemu mama yake.

Askari akaja kumchukua baba mkubwa. Nikafuatana naye.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?" afisa aliuliza kupitia mkalimani.

"Mimi?" Baba mkubwa alicheka. "Mimi mume tu, bwana. Akinifukuza leo, nakwenda kulala kwa dada yangu."

Wapagazi wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. Alielewa kwamba mzee anakataa kudhamini, akaamuru yule mwanamke arudishwe chomboni. Baba mkubwa alikuwa amesema kweli tupu.

Nilipanda vichochoro mbio. Mama mkubwa, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuonekana bandarini mchana, hakuuliza mara mbili. Alijitanda shuka lake jekundu la shiromani, akashuka. Kila mlango tulioupita ulitoa mwanamke mwingine mwenye shiromani, mpaka kichochoro kikajaa nyekundu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nimeshamuuliza mumeo," afisa alisema.

"Umemuuliza mgeni wangu," alijibu mama mkubwa. "Nampenda, lakini ni mgeni. Mwenye nyumba ndiye huyu unayemtazama."

"Kwani kwao Wazungu wanawake hulala wapi?" jirani mmoja alipaza sauti. "Barazani?"

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri yote. Afisa akamgeukia: ni kweli haya?

"Ni kweli, mkuu," alisema mkalimani, akitazama viatu vyake. "Hata mimi naishi kwa mke wangu."

Afisa akaashiria chomboni kwa kidole. Mwanamke akateremshwa.

Mama mkubwa hakuondoka. Aliwageukia wenzake: "Nani ana chumba?" Mikono ikainuka, na mmoja mmoja wale waliobaki wakadhaminiwa. Mwanamume mmoja tu afisa alimkatalia katakata, bila kutoa sababu, na chombo kikaondoka naye. Mama mkubwa alisimama pale ukingoni mpaka kikatoka nje ya gati.

Ndipo tukapanda mjini. Mimi nilimshika mkono yule mjamzito, baba mkubwa akiwa nyuma amebeba furushi la mwanamke huyo, na wanawake wakampigia vigelegele kichochoro kizima, kama bibi harusi.