Tulivyomzuia Mfungaji Wetu

Sijasoma chuo. Niliishia darasa la saba, nikapelekwa kujifunza ushonaji, na cherehani ndiyo inayonilisha mpaka leo. Lakini kile chuo kidogo kilichopo kati ya Tengeru na Makumira nimekishangilia kuliko wengi waliolipiwa ada kusoma pale. Kibanda changu kinatazamana na uwanja wake wa mpira wa pete. Nikiinua tu macho kutoka kwenye sindano, naona goli.

Mashabiki wa kudumu tulikuwa watatu, wengine walikuwa wapita njia. Nilikuwepo mimi, mwenye bucha ambaye ni jirani yangu, na mwalimu mmoja mstaafu wa Akheri aliyekuja kila Jumamosi na kigoda chake mwenyewe, kwa sababu alidai ule ukingo wa mfereji tuliokalia unamtia baridi kiunoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mtoto pale chuoni. Watu walituuliza, sasa ninyi yanawahusu nini? Mwenye bucha aliwajibu kwamba hata ng'ombe si wake, lakini akiona anachunwa vibaya anaumia.

Timu ilikuwa nzuri, nisiseme uongo, na uzuri wake ulitokana na watu wawili. Wa kwanza alikuwa kocha, mwanamke mfupi, mkufunzi wa pale pale chuoni, aliyewafundisha wasichana kudaka mpira uliolowekwa maji ili mpira mkavu usije ukawasumbua. Wa pili alikuwa mfungaji. Yule binti alikuwa mrefu, mwembamba, tena mkimya hadi mgeni angedhani ana kiburi. Sketi zake nilimshonea mimi, na kila mwaka ilibidi nishushe pindo. Akisimama chini ya goli na mpira mkononi, sote tulinyamaza, hata mwenye bucha, ambaye kanisani kwenyewe hanyamazi. Alikuwa anaitazama pete, anavuta pumzi, kisha anaurusha mpira taratibu kama anayeweka sahani kabatini.

Halafu kocha akaondoka. Hakutuaga, na kwa nini atuage, sisi ni nani? Jumamosi moja tulimwona tu mwanamume mmoja amesimama uwanjani na filimbi, mkufunzi wa uhasibu, anasoma sheria za mchezo kwenye simu. Jioni ile habari ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp: kocha amepata kazi ya kufundisha timu ya jeshi huko Dar es Salaam. Kundi likawaka. Mwalimu mstaafu aliandika aya tatu juu ya uzalendo. Mwenye bucha akaandika kwamba mkulima wa kweli haachi shamba mahindi yakiwa yanabeba. Mimi niliandika neno moja ambalo silirudii hapa, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa. Hakuna aliyeandika hongera. Yule mama alikuwa amewafundisha mabinti wa watu miaka sita, saa za jioni, bila hata posho ya maji, na hakuna aliyeandika hongera.

Kabla muhula haujaisha wakaondoka wawili wengine. Mlinzi alihamia chuo cha Mwanza, na wa katikati akaolewa Babati. Kila aliyeondoka tulimsema. Shabiki akiondokewa na mchezaji huwa na maelezo mawili tu, ama kanunuliwa ama karogwa, na sisi tuliyatumia yote mawili kwa mtu mmoja, ndani ya siku moja.

Mfungaji alibaki. Tukajipa moyo kwamba maadamu yupo, timu ipo.

Siku moja mchana akaja kibandani kwangu na suruali ya mazoezi, anataka nimpunguzie kiuno. Nikampima. Hapo akaanza kuzungumza, na siku ile alizungumza kuliko miaka yote miwili niliyomjua. Kocha amempigia simu. Kwenye timu ya jeshi kuna nafasi moja ya mfungaji. Aripoti kambini ndani ya wiki tatu, na akifanya vizuri ataingizwa kwenye mafunzo, kisha ajira.

"Ajira, mama," aliniambia. "Ya kudumu. Na nitakuwa nacheza."

"Na baba anasemaje?"

"Baba ameshakubali. Amekwenda sokoni kuninunulia begi."

"Hongera, mwanangu," nikasema, pini zikiwa mdomoni. Lakini sikumfurahia. Naandika hivi kwa sababu nimechoka kujidanganya: roho iliniuma kwa wivu na kwa hofu. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wangu wako mbali, na wiki yangu nzima ilikuwa ikielekea Jumamosi. Niliona Jumamosi zangu zikitiwa kwenye lile begi.

Hata saa haikuisha, nilikuwa nimeshafika bucha. Mwenye bucha akapiga panga kwenye gogo na kusema, "Si unaona? Yule mwanamke ameondoka, sasa anarudi kutuibia mtoto!" Mwalimu mstaafu aliitwa, akaja na wazo la kuandika barua kwa mkuu wa chuo. Nikawaambia barua haimzuii mtu aliyekwisha kununuliwa begi. Ndipo nikasema lile ambalo halikutoka kwa mwingine yeyote, lilitoka kwangu. Nilisema tumpelekee baba yake sale.

Kwa asiyejua, sale ni jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya mashamba na makaburini. Kwa Wachagga, mtu aliyekukosea akikuletea sale, unamsamehe, utake usitake. Kulikataa ni kujitafutia mkosi, wewe na uzao wako. Mimi ni Mmeru, lakini mume wangu alikuwa Mchagga wa Machame, na nguvu ya jani hilo naijua kwa kuwa ilinishinda mimi mwenyewe. Mama mkwe wangu aliwahi kunitukana mbele ya wageni kwamba mimi ni tasa, kabla sijapata mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimeapa kutozungumza naye mpaka kufa. Akaja na sale, na siku hiyo hiyo nikampikia. Baba wa binti naye alikuwa mtu wa Machame, fundi mwashi aliyehamia kwetu zamani na kufiwa na mkewe hapa hapa. Nilijua hatakataa. Hilo ndilo lililonipeleka, kwamba nilijua.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, wote watatu, na nguo zetu za kanisani. Alitupokea vizuri, akatutolea viti, akamwambia binti atengeneze chai. Begi jipya lilikuwa juu ya kochi, bado limejazwa karatasi za dukani. Mwalimu mstaafu akaanza na maneno yake ya kuzunguka, mtoto ni wa jamii, mchezo ni umoja, na kadhalika. Mwenyeji akawa anaitikia kwa kichwa tu. Nikaona tutakunywa chai na kuondoka mikono mitupu. Nikalitoa jani kwenye khanga, nikalishika kwa mikono miwili.

Alilitazama, kisha akanitazama mimi. "Mmenikosea nini?"

"Hatujakukosea, shemeji. Tunaomba tu. Msimu mmoja. Mwache acheze nasi msimu huu mmoja, halafu aende."

"Sale haliombewi hivyo."

"Najua."

"Ungeniletea maneno matupu ningekukatalia," alisema. Hakuwa na hasira. "Unajua kabisa ningekukatalia."

"Ndiyo maana sikuleta maneno, shemeji."

Mwalimu mstaafu alitazama sakafu. Mwenye bucha alikohoa. Yule baba alijifuta mikono yake mikubwa ya saruji kwenye magoti, halafu akanyoosha mkono na kulipokea. Binti alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Umesikia," baba yake akamwambia bila kugeuka.

"Nimesikia, baba."

Akatumiminia chai, akianza na mwalimu kwa kuwa ndiye mkubwa. Ilikuwa chai ya tangawizi, ya moto sana, na tuliinywa yote. Tukirudi nyumbani mwenye bucha aliimba njia nzima, na mimi nilimwitikia.

Sasa nielezeeje ule msimu? Kocha wetu mpya, baada ya kusoma sana ile simu yake, aliamua kwamba mtu mrefu kazi yake ni kulinda. Akamtoa mfungaji kwenye goli na kumpeleka nyuma. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mwenye bucha aliingia uwanjani akatolewa na walinzi wa getini. Lakini kocha alikuwa mtu wa vitabu, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Basi yule binti akacheza msimu mzima ameinua mikono mbele ya wafungaji wa watu wengine, na upande wa pili, kwenye goli lake, msichana mfupi wa mwaka wa kwanza akawa anaupiga mpira kwenye nguzo. Tulifungwa na kila mtu. Tulifungwa hata na timu ambazo zamani tulikuwa tunazihurumia. Mwisho wa msimu chuo kikatangaza kwamba michezo inasimama kwa muda, fedha ziende kwenye paa la bweni.

Wiki ile ile binti alikuja kibandani na sketi ya kurekebishwa, na pale pale akampigia kocha wake wa zamani. Simu yake ilikuwa mbovu, haikusikika ila kwa sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Nilikushikia nafasi siku ishirini, mwanangu," kocha alisema. "Kila siku nawaambia anakuja. Mwisho wakaniambia nilete mwingine."

"Na mwaka huu, kocha?"

"Mwaka huu wanataka wadogo zaidi. Umri wako umepita kidogo. Kidogo tu, lakini umepita."

"Haya, kocha. Asante. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Akakata simu, akaniuliza kama sketi itakuwa tayari kesho. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nalo. Badala yake niliinama kubadilisha uzi ambao haukuhitaji kubadilishwa, nikamwambia aje saa nne.

Sale huja baada ya kosa. Kila mtoto wa Kichagga anajua hivyo, na mimi nilijua. Sisi tulitanguliza sale, kosa likaja nyuma yake. Kuna kipindi nilifikiri nimpelekee yeye mwenyewe jani, nimpigie magoti. Nikashindwa kwa aibu. Jani lililomfunga, nimpelekee tena ili alazimike kunisamehe? Huo ungekuwa ujambazi wa pili. Baba yake siku hizi akinikuta njiani ananiambia, "Habari za leo, mama," na kupita. Shemeji haniiti tena.

Binti alimaliza chuo na kupata cheti chake. Alituma maombi ya kazi kila mahali, halmashauri, mashirika, mpaka hoteli za mjini. Sasa yuko kwenye shamba la maua upande wa Usa River, anakata mawaridi na kuyafunga mafungu. Anatoka alfajiri na buti za mpira. Vidole vyake vimejaa miiba. Siku moja alinionyesha mwenyewe, bila kulalamika, alitaka tu nimpe pini ya kuchokolea.

Mwaka huu chuo kimefufua timu, na sisi hatuna haya, tumerudi ukingoni. Kocha ni mwingine tena, kijana, sidhani kama atamaliza mwaka. Kuna mfungaji mpya wa mwaka wa kwanza, msichana wa Karatu. Ni mfupi, lakini ana mkono. Jumamosi iliyopita alifunga mara nyingi hadi mwalimu mstaafu akasimama juu ya kigoda, na umri wake ule.

Binti alipita akitoka shambani, buti mkononi. Mwenye bucha akamwita, "Njoo utazame mpira, mwanangu!" Akaja, akatusalimia shikamoo mmoja mmoja, tukaitikia marahaba, akakaa karibu yangu kwenye nyasi. Alitazama mpira kwa utulivu, bila kushangilia. Yule wa Karatu alipofunga tena, mwenye bucha akasema, "Huyu naye jamani wasije wakatuchukulia!" Na watu wakacheka, nami nikajikuta nacheka nao.

Kipindi cha kwanza kilipoisha, binti aliinuka, akavuka mfereji, akaenda moja kwa moja kwa yule msichana aliyekuwa akinywa maji pembeni. Akamshika bega, akamwinamia na kumsemesha. Hawakuchukua hata dakika. Yule mdogo alimtazama kwa mshangao, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Aliporudi nikamuuliza alikuwa akimfundisha nini, kurusha?

"Hapana, mama. Anarusha vizuri," alisema. "Nimemwambia akipigiwa simu na timu yoyote, asimwambie mtu. Achukue nguo zake aondoke."

"Hata baba yake asimwambie?"

"Hasa baba yake."